Kinu cha kahawa cha mkono: ondoa pleyi (kule kucheza kwa vipande) kwanza, ndipo utafute hatua ndogo

Ukianza kutengeneza espreso nyumbani kwa kinu cha mkono cha bei ya chini, shida itajitokeza mapema. Ukikaza mlio mmoja, yaani hatua moja ya kurekebisha usagaji, kahawa inakaba na kutoka tone moja moja. Ukilegeza mlio mmoja, inakimbia na kutoka majimaji. Unachokitaka kiko katikati, na kinu hakina katikati.

Chanzo ni uzi wa ekseli, ule mhimili wa katikati ya kinu. Chukua mfano wa ekseli ya M6 (unene wa milimita 6) yenye uzi wa kawaida: nati ikizunguka mara moja, koni ya meno hupanda milimita 1. Sahani ya milio ikiwa na vishimo 12, kila mlio ni milimita 0.083. Meno yamekaa mshazari, kwa hiyo nafasi kati ya koni na ringi ya nje inayoizunguka hubadilika pungufu ya hapo, lakini kwa espreso bado ni nyingi mno. Ndiyo maana Comandante, watengenezaji wa vinu vya mkono, wanauza ekseli ya Red Clix yenye uzi mwembamba zaidi, inayoshusha hatua kutoka mikroni (elfu za milimita) 30 hivi hadi 15.

Sasa nisikilize kwa makini hapa: usiguse milio kabla ya kukagua pleyi. Shika ncha ya ekseli uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, koni inasogea pembeni kila unapozungusha mkono, na hatua ndogo haitakusaidia chochote. Kisha paka wino wa maka kwenye ukingo wa ringi ya nje, kaza mpaka meno yaanze kugusana kidogo, na uzungushe polepole bila buni. Wino ukifutika pande zote sawasawa, shukuru. Ukifutika upande mmoja tu, ringi imelala. Kata kipande chembamba cha foili ya aluminiamu, kiweke chini ya ringi upande ule ambao wino haukuguswa, ufunge, upime tena. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Wapo watakaoishia hapa, kwa sababu ungaunga ulioziba mashine umepungua na mlio waliouona mkali sasa unafaa.

Kama bado unataka hatua ndogo, fungua sehemu ya chini na upige picha mpangilio wa vipande kabla ya kuvitoa. Springi iache mahali pake, maana ndiyo inayoisukuma koni ikae juu ya nati. Toa sahani ya milio na vigololi vyake, weka washa ya chuma kisichoshika kutu yenye unene uleule, na badala ya nati ya zamani tumia nati yenye plastiki ndani, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Ekseli ikiwa imechongwa ubapa, chonga kwa tupa tundu la washa lifuate ubapa huo, ili washa isizunguke peke yake. Kwa kipimapembe, chora kwa msumari mkali mistari 36 kwenye washa, mmoja kila nyuzi 10, na alama moja kwenye nati. Kila mstari sasa ni milimita 0.028. Usitumie karatasi wala gundi kali eneo hilo. Unga wa kahawa unapita hapo.

Tafuta sifuri kinu kikiwa kitupu: kaza taratibu hadi meno yaguse, andika mstari ulipofika, ulegeze. Usizungushe mkono kwa nguvu meno yakiwa yamegusana, yataisha makali.

Wakati wa kutumia, pima gramu 18 za kahawa na ulenge gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30. Badilisha mstari mmoja tu kwa mara moja. Buni zilizokaangwa zikikaa siku kadhaa hupoteza gesi na kahawa huanza kukimbia. Kaza mstari mmoja, usibadilishe uzito.

Kwa kahawa ya dele au ya kuchemsha, haya yote huyahitaji. Saga laini, chemsha.

Ukimaliza kupiga tupa, safisha kila kipande mpaka chembe za chuma ziishe, kisha saga konzi ya buni kuukuu na uimwage. Nati ikianza kuzunguka kirahisi kwa vidole, plastiki yake imeisha, nunua nyingine.