Nimepona, ya Nini Tena Sindano?

Siku ya kumi na tisa tangu homa inishike, nilipanda ngazi za nyumbani mpaka juu bila kusimama katikati kutafuta pumzi. Niliketi kwenye ngazi ya mwisho nikalia. Ilikuwa katikati ya mwaka 2021, korona ilikuwa imenilaza kitandani majuma mawili, na ndiyo kwanza naamini kwamba nimevuka. Jioni hiyohiyo dada yangu akapiga simu. Alinipa pole, akaniuliza habari za usingizi, kisha akasema, "Na chanjo utachoma lini?"

Nilikasirika. "Dada, chanjo ya nini tena? Ugonjwa wenyewe umeshanichanja."

Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mdogo wangu. Lakini kamuulize daktari." Simu ilipokatika nilibaki nimenuna. Leo naielewa hasira ile: mtu aliyetoka kuugua hataki kusikia kwamba bado kuna jambo halijaisha. Kama nawe umepona juzijuzi na kuna mtu anakuhimiza uende kuchanjwa, naandika kwa ajili yako, na kusita kwako sikulaumu.

Tena hoja yangu ya siku ile ilikuwa na mashiko. Yapo magonjwa ambayo ukiyaugua mara moja, basi. Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe ikawalaza watu kama 6,000 kati ya wakazi wasiofika 8,000. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Ludvig Panum, alitumwa huko, akaona jambo la ajabu: wazee waliokuwa wameugua surua katika mlipuko wa 1781 hawakuguswa hata mmoja, miaka 65 baadaye, ilhali wazee wenzao waliouepuka mlipuko ule wa kwanza waliugua. Miili ilikuwa imekumbuka karibu umri mzima. Nilisoma habari hiyo ningali dhaifu, nikaiweka akiba ya kumjibia dada.

Kisha nikasoma habari za pepopunda, na jibu langu likaniponyoka. Mtu aliyeugua pepopunda, misuli ikakakamaa, taya zikafunga, akalala wiki nzima katika chumba cha wagonjwa mahututi na mwisho akapona, hutoka pale bila kinga ya kutegemea. Kinachomuumiza ni sumu ya bakteria, na ukali wa sumu hiyo ni wa kutisha: kiasi kinachotosha kuua ni kidogo mno kuushtua mwili uitambue na kuiwekea kumbukumbu. Ndiyo maana mgonjwa wa pepopunda huanzishiwa chanjo papo hapo, kwenye matibabu yaleyale. Ugonjwa umemtesa bila kumfundisha mwili wake lolote. Chanjo, inayotengenezwa kwa sumu hiyohiyo ikiwa imeondolewa makali, ndiyo inayofundisha.

Hapo swali langu likabadilika. Badala ya kuuliza "nimepona, nichanjwe kwa nini?" nikawa nauliza "ugonjwa huu umeniachia nini?" Na majibu hayafanani. Polio ina aina tatu za virusi, na kuugua aina moja hakukukingi na zile mbili. Kinga ya kifaduro hufifia miaka inavyokwenda. Virusi vya homa ya mafua hubadilika kila mara, hata chanjo yake nayo hubidi kurekebishwa karibu kila msimu. Kwa homa ya ini aina ya B mambo ni tofauti: mtu mzima akipona kabisa, na kipimo cha damu kikaonyesha ana kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, kwa kawaida hana haja ya chanjo hiyo. Akiambiwa na daktari wake kwamba haihitaji, asiing'ang'anie.

Surua nayo, ile niliyokuwa naisifu, ina deni lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya vimelea vingine. Mwili unaikumbuka surua lakini unasahau mengi uliyokuwa umeyajua. Mzazi anayesema "acha mtoto augue, apate kinga ya asili" ningependa aitafakari habari hiyo kwa utulivu.

Chanjo iliyonishangaza kuliko zote ni ile ya kwanza ya homa ya dengi. Mwishoni mwa 2017 watengenezaji wake walitangaza kwamba humkinga aliyewahi kuambukizwa dengi, lakini ambaye hajawahi kabisa inaweza kumwongezea hatari ya kuugua vibaya akija kuambukizwa. Yaani hapo kuugua kwanza ndiko kulikompa mtu sababu ya kuchanjwa. Kila ugonjwa, kumbe, na hesabu yake.

Na korona je? Niliyemwendea ni daktari aliyenitibu. Alinieleza kwamba nina kinga, tena kinga ya kweli, ila hakuna anayeweza kuniahidi itadumu kwa kiwango gani, na kwamba aliyeugua akachanjwa huwa na ulinzi mpana kuliko mwenye kimoja tu. Agosti ya mwaka uleule ukatoka uchunguzi wa jimbo la Kentucky, Marekani, kuhusu watu walioambukizwa mwaka 2020: ambao hawakuchanjwa walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa tena mara 2.34 ukilinganisha na waliokamilisha chanjo. Kwangu hilo lilitosha. Tumezoea kusema kinga ni bora kuliko tiba, na mimi nilidhani methali hiyo imeshanipita kwa kuwa tiba nimeimaliza. Daktari alinionyesha kwamba kila ugonjwa unapopita, mtu anarudi upande wa kinga.

Sikwenda kesho yake. Nilisubiri miezi miwili, na kusubiri huko naona kulikuwa sahihi. Mwenye homa au aliyezidiwa ahirishe mpaka apate nafuu. Kikohozi chepesi au kamasi kidogo si sababu ya kurudi nyumbani. Kwa korona wataalamu wengi wanakubali mtu akae hata miezi mitatu tangu dalili zianze, kwa sababu kinga ya ugonjwa bado ni mbichi.

Kuna mambo ambayo usiyaache mlangoni unapokwenda. Yaseme hata kama hukuulizwa: dawa ulizotumia ulipokuwa mgonjwa, hasa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe ambazo hushusha kinga) za kiwango kikubwa kwa wiki mbili au zaidi, kama uliongezewa damu au ulichomwa sindano ya kingamwili, kama una ujauzito, kama uliwahi kupata mzio mkali. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua, tetekuwanga na homa ya manjano, kwa kawaida hazitolewi kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Na aliyeongezewa damu huenda akaambiwa asubiri miezi kadhaa kabla ya ile ya surua au tetekuwanga, kwa kuwa kingamwili za mtu mwingine zilizomo ndani yake zinaweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Muuguzi mwenye foleni ndefu anaweza kusahau kuyauliza. Mwili ni wako.

Nilichomwa asubuhi, nikakaa dakika 15 za uangalizi, nikarudi nyumbani mzima. Usiku ule nilitetemeka kwa baridi, mkono ukauma, na nilipata hofu ambayo aliyewahi kuugua tu ndiye anayeijua: kwamba ugonjwa umerudi. Laiti ningeambiwa mapema kwamba walioutoka ugonjwa huu mara nyingi huisikia zaidi dozi ya kwanza, maana mwili unakitambua kinachokuja. Kesho yake mchana ilikuwa imepita.

Leo ungeniuliza kuhusu korona, nisingekuambia "nenda" kwa sauti ileile. Watu wengi wameshaugua au kuchanjwa, na tangu 2023 Shirika la Afya Duniani limewaweka mbele wazee, wenye maradhi sugu, wenye kinga dhaifu, wajawazito na wahudumu wa afya. Kijana mwenye afya ana nafasi ya kulizungumza na daktari wake bila haraka. Bibi mwenye kisukari hana nafasi hiyo, hata kama alipona vizuri mwaka jana.

Mwaka huu zamu ya kukasirika ilikuwa ya mama. Nilimwambia kuhusu chanjo ya mkanda wa jeshi, akanitazama kwa jicho kali. "Mwanangu, tetekuwanga niliugua nikiwa mtoto, tena nikafunikwa malengelenge mwili mzima. Yaliisha." Nikaketi karibu yake, nikamweleza kwamba hayakuisha: kirusi cha tetekuwanga hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka mingi, na kinga ikilegea kwa umri huweza kuamka kikaja na maumivu ya mkanda wa jeshi, ambayo kwa wengine hudumu miezi. Ni kwa ajili ya waliougua kama yeye ndiyo chanjo hiyo inatolewa, kuanzia miaka 50.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikumuuliza dada siku ile: "Inauma?"

Nilimwambia ukweli, kwamba mkono utauma siku mbili tatu na huenda akachoka kama mwenye homa. Alichanjwa dozi ya kwanza wiki sita zilizopita, na ilimchosha kweli, alilala mchana kutwa. Ya pili anaichukua mwezi ujao, na nimemwahidi kwamba siku hiyo sitakwenda kazini.