Jibu: Mwisho wa Dracula (1958), diski mbovu au filamu imekatwa?

Salaam ndugu. Unasema kwenye diski yako ya filamu hii ya kutisha ya Uingereza, mwishoni jua linampiga Dracula, yule mnyonya damu, picha inaruka, mara ni majivu tu. Mashine yako ni nzima. Mimi niliifuta diski yangu kwa kitambaa mara tatu kabla ya kugundua kwamba bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza ndiyo iliyokata vipande.

Angalia kwanza jalada: ni toleo la mwaka gani? Vipande vilivyokatwa vilipatikana Tokyo mwaka 2011, kwenye kopi ya Kijapani, vikarudishwa kwenye Blu-ray ya Uingereza ya 2013. Diski ya kabla ya hapo haina. Usipime kwa urefu wa filamu, maana ni sekunde chache mno. Nenda moja kwa moja mwishoni: Christopher Lee, anayeigiza Dracula, anajiparura uso kwa vidole na ngozi inabanduka. Kama huoni hilo, una toleo lililokatwa. Kipande kingine ni pale Dracula anapomkaribia Mina, mwanamke anayemwinda, kitandani, midomo ikimpapasa uso kabla ya kumng'ata.

Ukilipata toleo kamili, itazame vizuri ile mbio ya Peter Cushing, anayeigiza Van Helsing, adui wa Dracula, juu ya meza, anarukia pazia na kuliangusha lote, kisha anakutanisha vinara viwili vya mishumaa kuwa msalaba. Mbio ile na vinara ni mawazo yake mwenyewe Cushing, na mwongozaji Terence Fisher akayakubali. Mimi hadi leo nywele zinanisimama.