Kishike kichaka kwanza: kwa mnaoanza kazi kwenye vilima vya kulungu-nyumbu

Ndugu zangu mnaokuja kusoma au kufanya kazi za msimu kwenye nyanda za malisho za magharibi ya Marekani, karibuni. Nimepitisha majira kadhaa ya baridi kwenye vilima vilivyo chini ya milima ya Wasatch, kaskazini mwa Utah. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu aniambie kwa Kiswahili siku ya kwanza.

Tuanze na jina la mnyama ambaye kazi yetu ni kuchunguza malisho yake, yule anayeitwa kwa Kiingereza mule deer. Wenyeji wamemwita kwa masikio yake makubwa, yanayofanana na ya nyumbu. Ni nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, si wa Serengeti. Mimi namwita kulungu-nyumbu. Usimchanganye na yule kulungu wa misitu yetu, maana yule ni jamaa ya tandala. Huyu ni wa ukoo wa ayala tunayemsoma katika Zaburi: dume huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine.

Mimi nimekulia kwa wafugaji. Nilifika mwezi wa Novemba, nikakuta kilima kizima kimejaa nyasi kavu za rangi ya dhahabu, nikaandika kwenye daftari: "Malisho ni mengi." Mama aliyekuwa akinifundisha kazi alisoma sentensi ile, akaniuliza, "Ya nani?" Swali lile limenifaa kuliko mihadhara mingi. Nyasi zikishakauka hivyo, protini yake hushuka hadi asilimia 3 au 4. Ng'ombe ana tumbo la kwanza kubwa, anaweza kukaa na majani magumu yakachacha polepole. Tumbo la kulungu-nyumbu ni dogo kwa mwili wake, kwa hiyo anahitaji chakula kinachosagika haraka. Mfugaji ataelewa nikisema hivi: ng'ombe ni wa nyasi, mbuzi ni wa vichaka, na huyu yuko upande wa mbuzi, tena ni mchaguzi kumshinda mbuzi. Nyasi huzila zikiwa changa tu, mwanzo wa masika, na pengine zikichipua tena baada ya mvua za vuli.

Kiangazi hutamuona sana vilimani. Huwa juu milimani, kwenye majani mapana na maua, akijijaza mafuta. Theluji ikianza kuzidi, hushuka. Wengine husafiri mbali mno. Huko Wyoming, jimbo jirani, kuna kundi linalotembea kilomita 240 hivi kati ya Red Desert na bonde la Hoback, kila mwaka kwenda na kurudi. Theluji ya nusu mita humshinda: miguu inazama, tumbo linaburuta, na kila hatua inamla mafuta. Ndiyo maana anatafuta miteremko inayotazama kusini. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hatujazoea kuuliza mlima umeelekea wapi. Huku lazima uulize, kwa sababu jua la baridi hupita chini upande wa kusini, na mteremko unaolitazama huyeyusha theluji siku nyingi kabla ya ule wa nyuma yake. Simama kwenye mgongo wa kilima mwezi Januari uangalie pande zote mbili, utaona kama nchi mbili tofauti.

Hata kwenye miteremko hiyo ya kusini hanenepi. Chakula cha baridi hupunguza tu kasi ya kukonda, na jike anaweza kupoteza moja ya tano ya uzito wake kabla majani hayajarudi. Uhai wake unategemea mafuta aliyokuja nayo kutoka juu, vichaka anavyovikuta chini, na utulivu. Baridi ya 2022 kuingia 2023 ilikuwa kali sana. Magharibi mwa Wyoming, katika kundi linalofuatiliwa kwa kola za redio, yaani mikanda ya shingoni inayotoa ishara, karibu watoto wote waliovalishwa kola walikufa, na majike wengi pia.

Vichaka ndiyo shule yenyewe. Kuna viwili ambavyo lazima uvijue hata gizani.

Cha kwanza ni pakanga. Ndugu yake tunamjua nyumbani kwa uchungu wake, na hiki cha huku ni kichaka cha kijivu, kina majani yenye ncha tatu. Vunja jani, lisugue viganjani, unuse. Harufu ile ni mafuta ambayo yakizidi tumboni huwasumbua bakteria wanaomsagia mnyama chakula. Wakati huohuo, katikati ya baridi pakanga hubaki na majani na protini ya asilimia 10 hivi, na husimama juu ya theluji. Kwa hiyo kulungu hula pakanga kidogo, anahamia kwenye kitu kingine, kisha anarudi. Anahitaji mchanganyiko. Kilima chenye pakanga tupu ni maskini, hata kikionekana kimefunikwa vizuri.

Cha pili ni bitabrashi, jamaa ya waridi. Ndicho anachokipenda. Piga magoti, ukishike kitawi, utazame ncha. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, hivyo hakati bali hubana na kuchana; ncha hubaki na nyuzinyuzi, imechakaa. Ukikuta ncha imekatwa safi, imelala upande kama iliyopitiwa na kisu, huyo ni sungura. Nimeona daftari za wageni zikimpa kulungu kazi yote ya sungura, na hesabu nzima ikaharibika. Kisha angalia umbo la kichaka. Kikiwa kimebanana kama ua lililopunguzwa kwa mkasi, kimeliwa sana miaka mingi.

Kupima kilicholiwa ni rahisi, ila kunataka subira. Vuli, chagua vitawi, vifunge alama, pima urefu wa chipukizi la mwaka huo tu. Aprili urudi upime kilichobaki. Ukihesabu kinyesi ili kujua kulungu wamekaa hapo kiasi gani, safisha viwanja vyako vuli na uhesabu mafungu masika; fungu ni vidonge vilivyoangushwa kwa mara moja. Kawaida tunachukua mafungu 13 kwa kulungu mmoja kwa siku. Mafungu 1,300 kwenye hekta moja ni sawa na kulungu mmoja aliyekaa hapo siku 100. Usihesabu kidonge kimojakimoja, hesabu fungu.

Sasa jambo linaloniumiza. Mwezi wa Machi mmoja tulimpasua jike aliyekufa nyuma ya nyumba za watu, kwenye vilima ambako makazi yanapanda kila mwaka. Tumbo lilikuwa limejaa. Mimi nikasema huyu hakufa njaa. Mama yule akavunja mfupa wa paja akanionyesha uboho: badala ya kuwa mweupe na mgumu kwa mafuta, ulikuwa mwekundu, unateleza kama jeli. Tumboni mlikuwa na alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe. Mtu mwenye huruma alikuwa amewamwagia kulungu. Bakteria wa kulungu anayekula vichaka hawajui kusaga chakula kile, nao huchukua wiki kadhaa kubadilika, na kulungu aliyedhoofika hana wiki hizo. Mahindi ni mabaya zaidi, tumbo hujaa asidi. Tena kuwakusanya kwenye lundo moja kunasambaza maradhi, hasa ule ugonjwa wa ubongo unaowakondesha hadi kufa, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Majirani watakuuliza wawape nini. Waambie kwa upole wasiwape kitu, na wafunge mbwa.

Utulivu nao ni chakula. Ukiwaona Februari, zunguka mbali. Kundi likikimbia kupanda mteremko kwa sababu yako, umelila mafuta. Wyoming ilifikia kupiga marufuku kuokota pembe zilizoanguka hadi mwisho wa Aprili katika eneo la magharibi, kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu ng'ombe, usije na ugomvi. Wakiletwa vilimani masika, nyasi zikiwa mbichi, hula nyasi na kuuachia bitabrashi maji ya udongo. Wakiachwa mpaka nyasi zikauke katikati ya kiangazi, huugeukia bitabrashi wenyewe. Tarehe ndiyo muhimu.

Adui mkubwa ni chitigrasi, nyasi ya mwaka mmoja iliyotoka Ulaya na Asia. Hukauka mapema, hubeba moto, na pakanga kubwa ikiungua haichipui kutoka kwenye shina. Moto ukirudi kabla miche haijakua, kilima kinabaki nyasi tupu. Ni ile ile rangi ya dhahabu niliyoisifia.

Ukirudi Aprili kupima vitawi vyako, tazama chini pia. Utaona kishungi cha miche midogo ya bitabrashi, kumi au zaidi, imetoka kwenye tundu moja. Ni akiba ya panya aliyezika mbegu na hakurudi kuzila zote. Usiikanyage. Iandike kama kishungi kimoja, piga alama, na mwaka unaofuata uangalie mingapi imebaki.