Maswali ya Wasomaji: Masizi, Methani na Madirisha

Moto wa jiko umegeuka manjano na sufuria zinashika masizi. Gesi inaisha? (Msomaji, Kisauni)

Angalia hewa kwanza, mtungi baadaye. Umanjano huo ni chembe za kaboni ambazo hazijaungua, zinang'aa kwa joto. Zikipoa kwenye kitako cha sufuria ndiyo masizi yako. Toa kichwa cha bana, pale moto unapotokea, uzibue matundu. Tui la nazi lililofurika na kukaukia humo linatosha kuharibu moto.

Gesi ya mtungi si ndiyo methani? (Changamwe)

Siyo! Swali hili haliishi. Ni propani na butani, nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Methani ni nyepesi, hupanda. Itafute kwenye tangi la samadi la mfugaji mwenye biogesi.

Mwalimu ameandika methani inavyoungua: CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O. Ni hatua moja kweli? (Mwanafunzi, Likoni)

Hata kidogo, na hapa nisikilize vizuri. Kung'oa haidrojeni ya kwanza kwenye methani ni kazi: kilojuli 439 hivi kwa moli. Moto ukishashika, vipande vikali vya H (haidrojeni), O (oksijeni) na OH (vyote viwili pamoja) ndivyo vinavyoing'oa. Inabaki CH3, inadaka oksijeni, inapitia formaldehaidi, halafu inakuwa monoksidi ya kaboni, CO. Kuigeuza CO kuwa CO2 ndiyo hatua ya mwisho, nayo huenda polepole. Hewa ikipungua, au moto ukipoozwa na sufuria kabla haujamaliza, CO inabaki. Haina rangi, haina harufu, inaua. Kwenye mtihani andika mlingano kama ulivyo. Nyumbani waambie wanaoingiza jiko la makaa chumbani msimu wa masika na kufunga madirisha: makaa nayo hutoa CO hiyo hiyo.

Na methani ikipashwa moto bila hewa? (Huyo huyo)

Haiwaki, inavunjika: kaboni na haidrojeni. Bila kichocheo inataka nyuzi 1000 na zaidi. Kichocheo cha nikeli huteremsha joto hilo sana, ila kaboni huja kuiziba. Wanaoisifu haidrojeni ya namna hii kuwa nishati safi waulize joto wamelitoa wapi, na methani kiasi gani imevuja njiani. Kwa miaka 20, kilo ya methani hupasha dunia joto takriban mara 80 kuliko kilo ya CO2.

Nikisikia harufu ya gesi usiku, niwashe taa nitafute inakovuja? (Majengo)

Usiguse swichi! Funga mtungi, fungua milango, toeni watoto. Simu piga ukiwa nje.