Shaba, alumini na wenzake: nani anatumia nyingi na kwa nini

Mmetuma maswali mengi kuhusu metali zisizo za chuma, yaani shaba, alumini, zinki, risasi, nikeli, bati. Leo najibu manne.

Eti China peke yake inatumia nusu ya shaba ya dunia?

Kweli, tena imezidi nusu, na alumini hivyo hivyo. Ila kwenye hilo neno "inatumia" ndo wengi wanateleza. Hesabu inaenda hivi, unachukua ilichozalisha nchi, unaongeza ilichoagiza, unatoa ilichouza nje, halafu unaangalia stoo imepungua au imeongezeka. Kwa hiyo inahesabiwa metali inapoingia kiwandani, sio bidhaa inapoishia. Chukua feni, fungua mota yake, utakuta waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara kibao, sasa kama feni imetengenezwa China basi huo waya umeandikwa China hata kama inapuliza upepo Brazil. Naumia nikiona watu wanailaumu China kwa shaba iliyoko ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mbona nchi tajiri zinatumia kidogo kuliko zamani?

Viwanda vimehama, gridi za umeme walishajenga kitambo, nyaya za simu za shaba zimepisha fiba. Halafu kuna skrepa, na hapa napenda sana. Kuyeyusha kopo kuukuu la alumini kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, ndo maana Marekani inapata alumini nyingi zaidi kwenye skrepa kuliko kwenye viwanda vya alumini mpya. Japani nayo miaka ya 1970 ilikuwa inazalisha zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, mafuta yakapanda, umeme ukawa ghali, viwanda vikafungwa kimoja kimoja mpaka cha mwisho 2014. Lakini alumini wanaitumia mpaka leo, wanaagiza tu.

India itaifikia China?

Karibuni hivi, sidhani. Inakua kwa kasi ila mtu mmoja India bado ni chini ya kilo 1 ya shaba kwa mwaka, wastani wa dunia ni kama kilo 3. Na 2018 kile kiwanda kikubwa cha shaba cha Tuticorin kilifungwa baada ya maandamano ya uchafuzi, nchi iliyokuwa inauza shaba nje ikawa inaagiza.

Magari ya umeme yatabadilisha nini?

Shaba kwanza, gari la umeme lina kama kilo 80 wakati la petroli lina ishirini na kitu. Nikeli inaingia kwenye betri pia, ingawa nyingi bado inaenda kwenye chuma kisichoshika kutu. Risasi usiizike mapema, zaidi ya asilimia 80 yake ni betri, na magari mengi ya umeme bado yana ile betri ndogo ya volti 12 ya risasi ya kuwashia taa na kufungulia milango.