Shimoni kwangu, oksijeni ni sumu

Swali lenu la wiki hii, "Je, viumbe hai vyote vinahitaji oksijeni ili viishi?", limenikuta jikoni, chai ikichemka kwa gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Jibu langu ni hapana, na ushahidi uko shimoni nyuma ya banda.

Tulipojenga mtambo wa bayogesi, fundi alituagiza tukoroge kinyesi kibichi na maji, ndoo kwa ndoo, tumimine, kisha tusubiri. Mimi kusubiri sijui. Siku ya tisa nikafungua koki na kuwasha kiberiti, kikazimika. Cha pili nacho kikazimika. Nikampigia fundi simu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Akacheka: "Mzee, hiyo ni hewa na kabonidayoksaidi tu. Iache itoke. Wenyewe bado hawajaanza kazi."

"Wenyewe" ni vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi inayowaka, ndugu wa vile vilivyomo tumboni mwa ng'ombe. Oksijeni ikivifikia, hudumaa au hufa. Kwa hiyo hutangulia bakteria wengine, wasiochagua penye oksijeni wala pasipo, wakaitumia oksijeni iliyobaki shimoni mpaka ikaisha. Hapo ndipo wenye shimo huamka. Wiki tatu baadaye moto wa bluu ukawaka, na mke wangu akaacha kunitania.

Shuleni tuliimbishwa kwamba bila oksijeni hakuna uhai. Kwa mtu, ng'ombe na mgomba, sawa. Lakini tangu mwaka 1861 mwanasayansi Louis Pasteur, kule Ufaransa, aliona jambo lingine kwenye darubini: ndani ya tone la maji, bakteria waliokuwa katikati walichezacheza, ila waliokaribia ukingo, palipo na hewa, walitulia tuli. Hewa ndiyo iliyowamaliza nguvu.

Bakteria wa pepopunda naye ni wa kabila hilo. Hujikausha udongoni kama mbegu, akingoja kidonda kirefu kisichopitisha hewa. Ndiyo maana msumari uliozama unyayoni unatisha kuliko goti lililochubuka, hata kama goti ndilo linalotoa damu nyingi.

Ziwa Tanganyika nalo lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni hufika mita 100 hadi 200 tu za juu. Dagaa na migebuka wote wanabanana humo. Chini yake ni giza lisilo na samaki hata mmoja, ila bakteria wapo na maisha yao yanaendelea.

Kuna atakayesema hao ni bakteria, nitajie mnyama. Yupo. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza habari za Henneguya salminicola, kimelea mdogo mno anayeishi kwenye nyama ya samaki aina ya salmoni. Ni ndugu wa yavuyavu, mnyama kamili, lakini amepoteza vinasaba ambavyo wanyama wengine hutumia kupumulia oksijeni. Anavyopata nguvu zake ni jambo ambalo ningependa mtaalamu mmoja atueleze toleo lijalo.

Mimi narudi shimoni. Mfuniko wa mtambo umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi, na udongo ukikauka hupasuka, gesi ikavuja. Basi kila Jumamosi naumwagia maji juu yake, ndoo moja. Leo ni Jumamosi, na bado sijamwaga.