Maswali na majibu: metali, roki nzito na sauti za kompyuta

Haya wadau, maswali yamelundikana na mengi yanajirudia, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo mmoja. Kwa aliyeingia leo: tunaongelea roki nzito na metali ambayo anayeimba sio mtu aliyesimama kwenye maiki, ni programu kama Vocaloid ya Yamaha, UTAU au Synthesizer V, wewe unaandika noti na maneno, yeye anaimba. Mengine mnayajua.

Swali: Kaka hii si ndo AI tu, unaandika "nitengenezee wimbo wa metali" unatoka?

Hapana, na nimelijibu hili mpaka nimechoka. Hatsune Miku, sauti ya Vocaloid inayojulikana zaidi, aliyetoka 31 Agosti 2007, ni vipande vya sauti ya mwigizaji Saki Fujita, alikaa studio akarekodiwa silabi baada ya silabi, programu inaviunga. Noti zako, mistari yako, gitaa unapiga mwenyewe. Synthesizer V za siku hizi zimefunzwa kwa AI ndiyo, ila hata huko melodi unaandika wewe. Ukiniletea wimbo ulioagiza kwa sentensi moja usiuite wa Vocaloid, utakuwa unawavunjia heshima watu wanaokesha wakipanga noti moja moja.

Swali: Nimemweka Miku kwenye bpm 220 (mapigo 220 kwa dakika), maneno yote yanamezwa. Sauti hii ni mbovu?

Sauti sio mbovu, hujasoma maelekezo yake. Crypton Future Media, ile kampuni ya Sapporo, walipomtoa Miku waliandika wazi kwamba anafaa tempo ya 70 mpaka 150 na noti za A3 mpaka E5, wewe umempeleka 220 halafu umempa silabi kwenye kila robo ya pigo. Piga hesabu basi. Pigo moja kwa 220 ni kama milisekunde 273, ligawe kwa nne unabaki na 68, na "s" peke yake inaweza kuzimaliza zote kabla vokali haijafika. Tena kwenye sauti za namna hii konsonanti inaanza kabla ya noti yenyewe, kwa hiyo inaila mkia noti iliyotangulia, ndo maana unasikia kama mtu anaongea na chakula mdomoni.

Dawa ni kuacha drams na gitaa zikimbie, sauti uiandikie noti za nusu pigo au pigo zima. Hata waimbaji wenye damu na mapafu kwenye metali wanafanya hivyo hivyo, mpiga drams anakimbia chini, mwimbaji anatembea juu yake. Pale ambapo lazima amwage maneno, pandisha velositi ya noti, maana kwenye Vocaloid velositi sio ukubwa wa sauti, ni urefu wa konsonanti, ukiipandisha konsonanti inakatwa fupi. Na chagua maneno yenye k, t na p, uyakwepe yenye s na sh. Kasi inawezekana kabisa, marehemu wowaka, aliyefariki Aprili 2019 akiwa na miaka 31 tu, alijenga jina lake kwa roki ya mwendo mkali aliyomwimbisha Miku kabla hajaanzisha bendi yake ya Hitorie. Ila alikuwa anaandika maneno ya kukimbia, hakuwa anachukua mashairi ya taratibu na kuyachapa fimbo.

Swali: Nikiingiza gitaa sauti inapotea. Niongeze volyumu mpaka wapi?

Usiongeze hata kidogo. Huu ndo ugomvi wangu na nyie wa miaka yote, mnalaumu sauti wakati kosa liko kwenye gitaa.

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia projekti yake, analia kwamba Megurine Luka, sauti nyingine ya Vocaloid, hana nguvu ya metali. Nafungua nakuta gitaa nne za rizimu zote katikati, geni (kile kitufe cha kuongeza ukali wa gitaa) imejazwa mpaka mwisho, besi imepita kwenye distoshoni ileile, na juu yao kinanda cha nyuzi kinachocheza noti zilezile za sauti. Luka ataingilia wapi? Nilifuta gitaa mbili. Zilizobaki moja nikaisukuma kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, geni nikaishusha karibu nusu, halafu kati ya 2000 na 4000 Hz nikazipunguza desibeli tatu, maana hapo ndipo konsonanti zinapokaa. Sauti nikaikata chini ya 150 Hz, kule hana kitu anachofanya. Volyumu ya sauti yenyewe sikuigusa. Luka akatokea mbele, neno kwa neno, na gitaa zikasikika nzito kuliko mwanzo, maana gitaa yenye geni nyingi kupita kiasi inageuka moshi, haina meno.

Msikilizeni Utsu-P, huyu Mjapani anafanya metali na hizi sauti kwa zaidi ya miaka kumi, gitaa zake zinabomoa ukuta lakini Miku na mwenzake Rin wanasikika. Au Yuyoyuppe na kazi zake za Luka, halafu mkumbuke kwamba huyohuyo baadaye akaja kuwafanyia kazi BABYMETAL, bendi ya metali ya Japani. Anayesema Vocaloid sio shule ya metali aniambie yule alisomea wapi.

Swali: Muziki huu ni wa kishetani?

Hapana. Ni gitaa, drams na kompyuta.

Swali: Nawezaje kupata mngurumo kama wa death metal? Kuna kitufe?

Kitufe kipo ila sio unachofikiria. Vocaloid4 iliyotoka mwisho wa 2014 ilileta kipimo cha kukwaruza sauti, na kinafanya kazi kwenye sauti zilizotengenezwa kwa toleo lile. Ni mkwaruzo wa koo, unafaa mwisho wa mstari au neno moja la hasira, ukiuacha wimbo mzima inakuwa kama redio yenye betri inayokata. Ukitaka uzito, nakili mstari wa sauti, nakala ishushe oktavu moja, ongeza kipimo cha jinsia ili iwe nene, ipitishe kwenye distoshoni halafu iweke chini ya ile safi, isikike kidogo tu.

Ila kama unataka mayowe ya kweli, tafuta mtu. Kutoka Nairobi kuna Martin Kanja aliyeimba kwenye bendi ya Duma, sikiliza albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndo utajua koo la mtu lina nini. Sauti ya kompyuta safi ikiimba kibwagizo, binadamu akilipuka kwenye ubeti, huo mchanganyiko unapendeza kuliko kulazimisha mashine ifanye yote.

Swali: Je, zinaweza kuimba Kiswahili? Nimejaribu, imetoka kama Mjapani anayesoma gazeti la kwetu.

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Kiswahili na Kijapani vina vokali zilezile tano, a e i o u, na silabi zetu nyingi zinaishia na vokali kama zao, kwa hiyo benki ya sauti ya Kijapani inatubeba vizuri kuliko ya Kiingereza, ile ya Kiingereza ukiipa "moto" inakuletea "mouto". Lakini mitego ipo. Chukua neno "hasira", neno la metali kabisa hilo. Ukiliandika kwa herufi za kawaida programu inasoma "si" kama "shi", mwimbaji wako anaimba "hashira", ambayo kwa Kijapani ni nguzo. Sasa umeandika kibwagizo cha hasira, unaimbiwa nguzo, nguzo, nguzo. Fungua dirisha la fonimu (zile sauti moja moja za neno), pale kwenye noti weka s na i mwenyewe, tatizo limeisha. "Watu" nayo inatoka "watsu", fanya vilevile.

M ya peke yake kama kwenye "mtu" na "mlima" msiimeze, ipe noti yake fupi, tumia ile n yao inayosimama yenyewe halafu badilisha fonimu iwe m. "Ngoma" hivyo hivyo, kanoti kadogo ka sauti ya puani kabla ya "go". L na r kwao ni kitu kimoja, hapo vumilia. V inatoka b, "nguvu" inasikika "ngubu". Na th, dh, gh hazipo kabisa, kwa hiyo "ghadhabu" sahau, tumia "hasira", "uchungu", "moto". Mwandishi mzuri anayajua haya kabla hajaandika mstari wa kwanza, sio anaandika shairi zima halafu anaanza kupigana na programu usiku wa manane.

Kingine ambacho karibu wote mnakosea ni mkazo. Sisi mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, ha-SI-ra. Noti ndefu au ya juu iweke hapo. Mkiiweka kwenye "ra" hata fonimu ziwe sahihi kiasi gani msikilizaji wa Tanga au Mombasa atasikia mgeni.

Wenye uwezo wajaribu sauti za Kihispania, vokali ni tano vilevile, r na l ziko mbalimbali na th ipo. Maika wa Voctro Labs ya Barcelona, aliyetoka 2013, aliongezewa fonimu za nje ya Kihispania. Synthesizer V nayo inamruhusu mwimbaji mmoja aimbe kwa lugha kadhaa, Kihispania kikiwemo. Mpaka leo mimi sijakutana na benki ya sauti ya Kiswahili inayouzwa, na hili linaniuma, maana lugha yenye vokali tano na silabi zilizo wazi namna hii ni rahisi kurekodi. Anayeweza kukaa kwenye chumba kimya na maiki nzuri aanze na UTAU, ile inakubali sauti ya mtu yeyote aliyejirekodi silabi zake.

Swali: Sauti gani ya kiume nianze nayo?

Gackpoid, au Gakupo. Ilitoka Julai 2008, sauti ni ya Gackt, aliyeimba bendi ya Kijapani ya Malice Mizer, yaani umepewa mwanaroki tayari. KAITO wa 2006 ni mpole, anafaa roki ya taratibu. Kagamine Len anaimbwa na mwanamke, Asami Shimoda, lakini ile nyongeza ya 2010 yenye sauti iitwayo Power inakata vizuri juu ya gitaa, hata ya pacha wake Rin, tena Rin ndo bora. Leon wa 2004 ni wa zamani mno, mwacheni apumzike.

Swali: Laptop yangu ina RAM GB 4 na sina hela. Naacha?

Usiache. UTAU ni ya bure, ya 2008, itakwenda. Kasane Teto alianzia hukohuko, alizushwa kama utani wa tarehe 1 Aprili 2008, na 2023 akapewa sauti yake ya Synthesizer V. Ila tafadhali msishushe Vocaloid za wizi. Wengi mnaniandikia "imegoma kufunguka" na nikiuliza mmeipata wapi mnanyamaza. Nikigundua ni ya wizi sisaidii.

Swali: Kuna mwanaroki marehemu nampenda sana, nataka kuifunza kompyuta sauti yake kutoka kwenye nyimbo zake nimwimbishe wimbo wangu. Nianzie wapi?

Usianze, ndugu yangu.

Najua unampenda, lakini angalia waliofanya hivyo kwa haki. hide, mpiga gitaa wa X Japan, alifariki Mei 1998 akaacha wimbo haujaisha. Miaka 16 baadaye, Desemba 2014, ulitoka ukiwa na sauti yake iliyojengwa kwa teknolojia ya Yamaha kutoka kwenye rekodi zake, na waliosimamia ni watu wake, ni wimbo wake mwenyewe. Pamoja na yote hayo mimi kuusikiliza bado kunanipa shida moyoni. 2019 wakafanya tena Japani kwa mwimbaji marehemu Misora Hibari, safari hii wimbo ukiwa mpya kabisa ambao marehemu hakuwahi kuusikia, na wapo waliolia kwa furaha na wapo waliokasirika. Hapo kuna idhini. Wewe una nini? Una mp3 na mapenzi.

Uzuri wa Miku, Gakupo na wenzao ni kwamba mwenye koo alikubali, akaingia studio akijua sauti yake itaimbishwa na watu asiowajua, mpaka mayowe ya metali. Ndo maana tunaweza kuwapa maneno yoyote bila kumwibia mtu. Marehemu hawezi kukataa, kwa hiyo usimuulize. Mpe gitaa, piga wimbo wa kumkumbuka, imba mwenyewe hata kama sauti inakwaruza.

Swali: Kwenye shoo za Miku nani anapiga?

Watu. Yeye ni picha kwenye skrini, nyuma na pembeni yake kuna bendi kamili, drams, besi, gitaa, wanapiga pale pale wakifuata mapigo kwenye sikio. Mwangalie mpiga drams, kupiga na mtu ambaye hawezi kukusubiri hata nukta moja ni kazi ngumu sana.

Swali: Naomba preseti zako zote (mipangilio uliyohifadhi) za sauti na gitaa.

Situmi. Nimezipanga kwa gitaa langu na maneno yangu, kwako zitaharibu. Nitumie wimbo wako pamoja na faili la noti, sio mp3 peke yake, niusikilize nikuambie neno gani linamezwa.